Kura 4,096 za ziada

Mada ni jinsi mionzi inavyovuruga kompyuta, na niliombwa nianze na setilaiti. Sianzi nazo, maana nikizitaja tu, nusu ya ukumbi huu watasema hayo ni ya Wamarekani, kisha walale. Naanza na uchaguzi. Hapa Dodoma uchaguzi tunaujua.

Mei 2003, Schaerbeek, Ubelgiji. Wanapiga kura kwa kompyuta. Kujumlisha, mgombea mmoja ana kura nyingi kuliko ambazo kihesabu angeweza kuzipata. Wakarudia: zimezidi 4,096. Wa kompyuta mmeshacheka, nawaona. Ni mbili kwa kipeo cha 12: biti moja tu, yaani tarakimu moja kati ya zile sifuri na moja ambazo kompyuta huhesabia, ya 13, imegeuka kutoka sifuri kuwa moja. Programu ikakaguliwa, kosa halikuonekana. Aliyebaki kutuhumiwa ni chembe ya mionzi kutoka angani. Haikuthibitishwa, kwa sababu chembe ya namna hiyo inageuza biti na kuiacha chipu nzima kabisa. Kinachoninyima usingizi ni kwamba waligundua kwa sababu kosa lilikuwa kubwa mno. Ingegeuka biti ya tatu, angeongezewa kura nne. Nani angeuliza?

Sasa kuna fundi hapo nyuma, kila mwaka hakosi, anasema: funika na madini ya risasi, yaishe. Haya. Mwaka 1978 May na Woods, watafiti wa Intel, kampuni inayotengeneza chipu, walichunguza kwa nini biti za chipu za kumbukumbu zinageuka zenyewe. Wakakuta chembe za alfa, aina ya mionzi, zikitoka kwenye urani na thoriamu, metali zenye mionzi, kidogo iliyokuwamo katika ganda la kauri la chipu yenyewe! Alfa huzuiwa na karatasi. Wewe na risasi yako umemfungia mwizi ndani. Na urani msidhani ni habari za mbali, ipo Bahi, hapo tu.

Kwa hiyo kubali biti itageuka, halafu jipange. Saketi tatu, kazi ileile, zipige kura. Mbili zikikubaliana, ya tatu inapuuzwa. Ni ghali? Ndiyo, na inakula umeme. Kwa redio usijisumbue. Kwa mashine inayompa mgonjwa dawa, usinijie na habari za bei.

Dozi ya mionzi inayojikusanya mpaka transista, vile viswichi vidogo ndani ya chipu, zivujishe umeme, mkondo wa umeme unaoshika chipu mpaka iungue usipokata umeme upesi, hayo someni wenyewe, muda umekwisha.

Naam, kijana? Na saketi inayohesabu hizo kura ikipigwa na mionzi? Swali zuri. Nayo unaweka tatu.