Kikalanguya: Lugha Iliyobeba Msitu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu na wanafunzi wenzangu,

Lugha ninayoizungumzia jioni hii husemwa katika milima ya kisiwa cha Luzon, kaskazini mwa Ufilipino, hasa Nueva Vizcaya, Ifugao na Benguet. Ukiwa Tinoc utasikia ikiitwa Kalanguya. Ukifika Imugan, wenyewe hujiita Ikalahan. Kalahan ni msitu wa mlimani, na kiambishi i- humtaja mtu kwa mahali atokapo, kama sisi tunavyosema Mpwani au Mbara. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi, jirani yetu wa ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji, na zote mbili huanza sentensi kwa kitenzi.

Naomba tukishikilie kiambishi hicho, kwa sababu watu waliojiita kwa msitu wao wameuweka pia katika msamiati wao. Chakula chao cha jadi ni viazi vitamu, vinavyolimwa kwenye miteremko mikali. Mkulima hukusanya magugu na majani ya viazi, akayapanga kwa mistari inayokingama mteremko, akayafukia ili yaoze na kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kazi hiyo ni gengen. Ikifanywa mahali tambarare huitwa dayog, na wala hazichanganywi. Sisi zote mbili tungeziita kutengeneza mboji, tukaishia hapo.

Ardhi hiyo nusura iwaponyoke. Mwaka 1973 wazee, wakishirikiana na mmisionari Delbert Rice, waliunda Kalahan Educational Foundation, na mwaka 1974 wakatia saini mkataba na idara ya misitu, wa kwanza wa aina yake nchini humo, uliowapa usimamizi wa takriban hekta 14,730 kwa miaka 25. Mizozo waliendelea kuisuluhisha katika tongtongan, ambayo kwetu ingeitwa baraza la wazee.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Ufilipino ilipoanza kufundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha mama mwaka 2012, orodha ya wizara, hata ilipofikia lugha 19, haikuwa na Kikalanguya. Kiiloko, lugha ya masokoni Nueva Vizcaya, kilikuwamo. Mwaka 2024 sheria ikaondoa ulazima wenyewe. Somo la gengen, kwa hiyo, mtoto bado hulipata shambani, akiwa na kapu la viazi, nyuma ya bibi yake.