"Umeolewa wewe!": mahamri yangu yalivyofika Mkunguni

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Amu, yaani Lamu, na nyinyi wa Malindi na kwengineko. Leo naongea polepole, mke wangu ndiyo kwanza alale. Ni nesi, karudi zamu ya usiku. Nje huko Toronto yote nyeupe, theluji imefika magotini.

Sasa. Wiki iliyopita niliweka video nikimsuka binti yangu nywele huku unga wa mahamri unaumuka. Wallahi sikujua nimefanya kosa! "Umeolewa wewe." "Umelishwa limbwata." Rafiki yangu mmoja, ambaye kila jioni utamkuta Mkunguni, pale uwanjani kwetu Amu, na kikombe chake cha kahawa, akanitumia sauti ya dakika nne. Neno lake: mila zetu, mtu mume haingii jikoni.

Haya, tuzungumze mila.

Babu yangu akitoka msikitini alfajiri, hubeba kikapu akaenda sokoni, pale karibu na ngome. Achague samaki, apime nyanya, agongegonge nazi asikilize maji. Bibi hakuenda sokoni. Mwanamke wa nyumba ya mawe kubishana bei na mvuvi mbele za watu ilikuwa aibu. Basi kikapu kikawa kazi ya mume, na hakuna aliyemwambia babu ameolewa. Leo kwa huyo rafiki yangu kikapu hubeba nani? Mkewe. Na yeye yuko Mkunguni analinda mila.

Tena ile nyumba haikuwa ya babu. Bibi alipewa na babake alipoolewa, ndivyo wenye uwezo walivyofanya: binti hupewa nyumba, mume akahamia. Juu kuna wikio, kile kidaraja cha kuunganisha nyumba mbili, unavuka hadi kwa dadake bila kukanyaga uchochoro. Watalii hupita chini wakapiga picha, mapambo ya mji wa kale huo, tangu UNESCO iuweke kwenye orodha yake mwaka 2001. Hiyo ilikuwa njia ya wanawake! Na wakigombana, anayekwenda kulala kwa mamake ni babu.

Sisemi bibi alikuwa peponi. Kabla yake, kabla ya buibui, mabibi wakubwa walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa linalobebwa. Waliolibeba ni wanawake pia, watumwa, ambao hakuna aliyejali wakionekana. Na kwenye nyumba za makuti, mwanamke alikwenda shamba na kusuka mikeka siku zote. Kwa hiyo mtu akiniambia "mwanamke wetu hakufanya kazi", namuuliza yupi?

Mwana Kupona wa Pate, yule mshairi, alimwachia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, na radhi za mume zimo pamoja na za wazazi. Mama yangu alikuwa nao kichwani. Huku anaukariri, anashona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono, miezi mizima kwa kofia moja, pesa anazitia kwenye mchezo na majirani, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Yeye alitolewa shule darasa la saba akaolewa. Dada yangu alimaliza sekondari kwa hizo kofia. Baba alijua karo inatoka wapi, ila wageni wakija yeye ndiye "anayesomesha". Mama humimina kahawa, kimya.

Mwaka 2022 Lamu Mashariki ilimchagua Ruweida Obo kuwa mbunge, akiwashinda wanaume. Baadhi ya waliompigia kura ndio hao wanaonicheka mimi kwa kukanda unga.

Na mimi si shujaa, jamani. Huku hakuna shangazi mlango wa pili, na kituo cha kulelea watoto kina gharama yake. Mke yuko kazini usiku, mtoto ana njaa, utafanyaje? Miezi mitatu ya mwanzo tulikula tambi. Niwape siri: nikikunja nguo za mke wangu, kamera nazima. Haya bado ninayo.

Niliogopa mama ataionaje ile video. Jana usiku akanitumia sauti, moyo ukanienda mbio. Nikaifungua. "Mwanangu, iliki umetia kidogo, na unga hujaungoja ukaumuka. Na huyo mtoto, hiyo njia ya kati umeipinda."

Ngojeni, mafuta yamepata moto.