Mbaya kwa Nani?

Waliowahi kunisikia Bagamoyo wanajua nitaanzia wapi: neno la Kiingereza "inclement", lisemwalo juu ya hali ya hewa. Na pengine leo pia nisitoke hapo.

Neno lenyewe limetoka Kilatini. Clemens ni mpole, mwenye huruma. Ndilo jina la mapapa 14, wa Roma jamani, si wa hapo nje. Likitiwa in- mbele, huruma imekwisha. Zamani aliitwa hivyo hata hakimu asiyesamehe. Siku hizi Mwingereza ameliachia anga tu, hasa baridi, mvua na upepo. Sisi watafsiri tunaandika "hali mbaya ya hewa", tunalipwa, tunakwenda zetu.

Mimi mwenyewe nililipwa. Nilitafsiri tangazo: "Hakuna safari wakati wa hali mbaya ya hewa." Nikalibandika pwani ya Sahare, hapa Tanga, kwa mkono wangu, gundi bado mbichi vidoleni. Nahodha mmoja akalisoma polepole, akakaza kikoi, akaniuliza, "Mbaya kwa nani, mwalimu?" Nikamwonyesha bahari: kusi, upepo utokao kusini, limekaza, mawimbi yana povu. Akacheka. "Anayekwenda Pangani ndiye wa kulia. Mie natweka tanga naenda Mombasa. Hili ndilo litakalonipeleka."

Mtasema, mzee, si kila msomaji baharia. Haya, panda Muheza. Mvua iliyomnyeshea mwenye mahindi machanga ndiyo hiyo hiyo iliyomlowesha jirani yake aliyeanika mbata. Waulize wote wawili hali ya hewa ikoje, uone kama watajibu neno moja.

Mtasema tena, mbona Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasema hivyo hivyo? Hebu sikilizeni tahadhari zao vizuri! Wanataja: upepo mkali, mawimbi makubwa, mvua kubwa. Mei 2024 walitaja kimbunga, na jina lake, Hidaya. Tunu gani ile, sijui, lakini kila mwenye ngalawa alielewa.

Nilitaka "adverse" niipe nusu saa, na huyu kijana keshaanza kunionyesha saa. Haraka basi: hiyo ni kitu kilichokugeukia, kikakukabili. Ikiwa ni upepo, wazee walishamaliza kazi, ni upepo wa omo. Halafu mtu ana shahada yake anaandika "upepo mbaya". Hapa Tanga! Ukiwatangazia watu upepo mbaya hawaendi bandarini kuuliza, wanakwenda kwa mganga.

"Severe" basi tena. Kijana, chukua kipaza sauti chako.