Unaandikia Ubuntu, mteja anafungua kwa Windows

Mhadhara kwa vijana wanaotengeneza programu za biashara, Moshi

Habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie skripti za biashara kwa mtu asiye na Windows, na nikitupa jicho humu ndani naona wengi mmeshahamia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Sababu tunazijua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11, ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 ikiwemo. Mwenye nayo akaweka Linux, kazi ikaendelea. Mteja wake, awe duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni au kampuni ya kupandisha wageni mlimani, yuko kwenye Windows na Excel, na hana mpango wa kuhama kwa ajili yako.

Msimamo wangu ni kwamba mashine yako haina shida. Shida huanza faili linapotoka kwako kwenda kwa mhasibu.

Chukueni hiyo kampuni ya kupandisha wageni. Msafara umeteremka kwa njia ya Mweka, wapagazi wanasubiri chao. Meneja anataka orodha yenye jina, namba ya simu ya kupokelea pesa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), siku za kazi na jumla. Unaandika skripti fupi ya Python, inatoa CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato, unaichungulia kwenye kihariri cha maandishi, iko safi. Mhasibu anaibofya mara mbili, Excel inafunguka, 0754 imekuwa 754. Excel imeona namba, na namba kwake haianzi na sifuri. Hilo linarekebishika. NIDA ndiyo inayoumiza: ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri, na akishahifadhi faili hakuna fomula ya kuzirudisha. Ubaya zaidi, tarakimu za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo anayekagua juu juu anaona tarehe ziko sawa, anapitisha.

Basi msimpe CSV. Mpeni xlsx, faili la Excel lenyewe, iliyoandikwa kwa openpyxl, maktaba ya Python, simu na NIDA ziingie kama maandishi. Maktaba hiyo haihitaji Excel iwepo, kwa hiyo Ubuntu, Mac, popote inakwenda. Ila haipigi hesabu! Ukiweka =SUM inaandika fomula tu, jibu linakuja faili likifunguliwa na kuhifadhiwa kwenye Excel au LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure. Skripti nyingine ikija kusoma ile jumla kabla ya hapo inakuta patupu. Hesabu za pesa za watu zipigeni ndani ya Python, kwenye seli muandike jibu.

Majina ya mafaili nayo. Linux itakukubalia malipo_14:30.xlsx, Windows haitaki kabisa hiyo nukta pacha. Haitaki pia faili liitwe con wala aux, masalia ya enzi za DOS. Halafu Mauzo na mauzo kwa Windows ni jina moja, kwa Linux ni mawili. Ukiibana kwa zip folda yenye yote mawili, kule kwa mteja moja litataka kumfunika mwenzake. Andikeni herufi ndogo tupu, yaishe.

Kuna aliyeuliza habari za makro, amri zinazojiendesha ndani ya Excel. Za VBA, lugha ya Excel yenyewe, zinaendeshwa kwenye Excel ya Mac, isipokuwa zile zinazotegemea ActiveX, vitufe na vidhibiti vya Windows, na LibreOffice inazielewa nusu nusu. Skripti inayoiendesha Excel yenyewe kupitia COM, njia ya Windows ya programu moja kuiendesha nyingine, ile inayotumia maktaba ya pywin32, ni ya Windows peke yake. Hapo msipoteze usiku na Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, ombeni kukaa kwenye mashine ya mteja. Lakini kwanza mimi huwa nawauliza wateja: mnataka Excel ifunguke ifanye kazi mkiitazama, au mnataka faili? Mara nyingi wanataka faili tu, na COM yote inakufa hapo hapo.

PowerShell, lugha ya Microsoft ya kuandikia amri, ilifika Linux na Mac mwaka 2016, Microsoft ilipoifanya chanzo huria. Ila wewe utakuwa na toleo la 7, na mteja ana 5.1 iliyokuja na Windows yake. Ukiunganisha amri mbili kwa &&, kwako zinapita, kwake ni kosa la sintaksia.

Kabla ya kudai malipo ya mwisho, nenda na flashi mpaka ofisini. Kiti akalie mhasibu, afungue faili kwa mazoea yake, ahifadhi, afunge. Wewe chukua hilo alilohifadhi, linganisha kila NIDA na ile ya awali kwa skripti, si kwa macho. Hiyo skripti ya kulinganisha ndiyo tunayoiandika sasa. Kaeni wawili wawili, mwenye Ubuntu na mwenye Windows.