Pindo la Mama, Mikono ya Baba

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni? Nimeombwa nizungumzie kulelewa na mila mbili na kazi ya uchoraji. Hapa Ujiji hilo si jambo geni, wengi humu mna bibi ng'ambo ya ziwa. Mimi baba yangu ni Muha wa Kasulu, mama Mmanyema wa hapa hapa. Kasulu nikiitwa Mmanyema, Ujiji nikiitwa Muha. Hayo mnayajua, tuyaache.

Nataka mtazame picha hii. Alfajiri Kibirizi, wavuvi wanarudi, karabai bado zinawaka, wanawake wanangoja dagaa. Ya kwanza ya namna hii niliipeleka Dar es Salaam. Mteja akaikodolea macho, akaniuliza, "Mbona wote wanaomba dua?"

Dua gani? Tazameni mikono. Hakuna hata mmoja unaoning'inia. Viganja vimekutana, migongo imeinama kidogo. Jamani, wale wanasalimiana! Ni "mwakeye" ya bibi yangu wa Kasulu, na makofi yake ya taratibu, viganja vimebinuliwa kidogo ili sauti itoke nzito. Miaka yote nimechora watu hivyo na sikuwa na habari. Machoni pangu, mtu aliyeacha mikono ikining'inia bado hajamwona mwenzake.

Sasa njooni pembeni mwa picha. Kila turubai naizungushia ukanda wa maua au nukta kabla sijagusa katikati. Nilijua ni mtindo wangu, na nikijivunia sana. Siku moja mama akafungua sanduku lake la kanga mbele yangu: pindo la pembeni, mji wa katikati, jina la maneno yake. Kumbe nilikuwa nachora kanga! Jina tu ndilo sikuwahi kuliweka. Mama mwenyewe ana maneno ya kutosha.

Yuko mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, 1954. Baba wa Komoro, mama Mwingereza, mbunifu wa vitambaa. Baba alipofariki, mtoto akapelekwa Uingereza akiwa bado kichanga, kwa hiyo Zanzibar hakuikulia. Hata hivyo kanga imo katika kazi zake, na mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Msidhani yeye na mimi ni mamoja. Mimi pindo lilinifuata. Yeye kanga aliifuata, na kuifuata kunataka kazi zaidi.

Wa mwisho ni mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko, ambaye baba yake alitoka Ujerumani. Mwaka 1936 alijichora akiwa mtoto, ameshika utepe mwekundu unaopanda hadi kwa wazazi na mababu. Waliomzaa mama kawaweka juu ya nchi kavu, waliomzaa baba juu ya bahari. Nilipoiona nikacheka peke yangu: kwetu ni kinyume, baba ndiye milima, mama ndiye maji.

Basi nikaiga. Nikapanga kabisa: hapa vya baba, hapa vya mama, ng'ombe huku, mitumbwi kule. Ikatoka kama ramani ya darasani. Ipo nyumbani, inaziba dirisha lililovunjika kioo. Mama alipoiona hakuuliza habari za ng'ombe wala mitumbwi. Aliuliza, "Mbona hii hujaitia pindo?"