Kifundo changu, vibua vya Feri na futi ya mama

Habari zenu wapendwa wangu. Leo siko Leeds, bajaji za hapo nje mnazisikia wenyewe. Niko Magomeni kwa mama, wiki ya tatu sasa. Wengi mnaniuliza mguu unaendeleaje, na wengi zaidi mnaulizia ile juisi niliyowaonyesha mwezi wa pili. Naanza na hiyo juisi, maana inaninyima usingizi.

Kwa mliojiunga karibuni: Januari niliteleza kwenye barafu nikienda kazini, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Nikapasuliwa, nikawekewa bamba la chuma na skrubu. Daktari alinitahadharisha mapema kwamba kifundo cha namna hiyo kinaweza kuvimbavimba miezi mingi, hata mfupa ukishaunga. Mimi subira sikuwa nayo. Nikakuta watu mtandaoni wanasema acha wanga, acha nyama, kunywa juisi ya tangawizi na manjano tu, uvimbe utaisha. Nikafunga hivyo siku 11, na ninyi nikawahimiza mfanye kama mimi.

Naombeni radhi kwa hilo, kwa dhati. Mguu haukupungua, nilipungua mimi. Mshono ulichelewa kukauka, na kila nikisimama na magongo nashikwa na kizunguzungu. Dada anayenifanyisha mazoezi ya viungo alinishika paja, akaniuliza, "Hii misuli unataka ijengwe na nini?" Sikuwa na jibu. Kidonda kinataka protini, misuli inataka protini, na mimi nilikuwa nameza dawa za maumivu juu ya tumbo tupu. Halafu kule kuvimba kwa siku za mwanzo wala si ugonjwa. Mwili unapeleka damu na chembe za kinga pale palipoumia, ndiyo maana panajaa na panakuwa pa moto. Bila hivyo hakuna kupona. Shida ni uvimbe unaogoma kuondoka.

Sasa njooni jikoni. Haya mafungu mawili ni vibua, mama kayatoa soko la samaki la Feri alfajiri. Tazameni jicho, limetokeza na linang'aa. Ukifunua shavu, ndani pekundu. Mafuta ya omega-3 tunayoyafuata Uingereza kwenye samaki wa pakiti, bei juu, yamejaa humu. Mama hawakaangi. Anawapaka ndimu na chumvi, anaponda tangawizi, kitunguu swaumu na pilipili manga, anatia nyanya na manjano, mwisho tui jepesi. Kumbe manjano yakinywewa na maji matupu, mwili unapokea kidogo sana. Yakikutana na pilipili manga na mafuta ndipo yanapokelewa vizuri zaidi. Mama kapika hivi tangu sijazaliwa! Pembeni kuna matembele, na ugali wa dona badala ya sembe.

Hapa nisikilizeni vizuri, hasa wenye wazazi wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Manjano ya vidonge usimpe kabla hujamuuliza daktari. Na kama dawa yake ni warfarin, hata mboga za majani asizizidishe wala kuzipunguza ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo inavuruga kazi ya dawa.

Kilichonishinda zaidi ni sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza, ikiwezekana, isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda imeshapita hapo. Lakini shangazi katoka Mbagala kuja kukupa pole, soda kaagiza kwa pesa yake, utamkatalia vipi bila kumvunja moyo? Nimemwambia ukweli: "Shangazi, mguu wangu unauma, naomba dafu." Akanielewa, na siku ya pili kaja na madafu manne.

Hii ni futi ya mama ya cherehani. Siku niliyoshuka uwanja wa ndege, kifundo kilikuwa sentimita 28. Jana jioni, 26 na nusu. Kifundo cha mguu usioumia ni 24. Sitawaambia ni vibua vilivyofanya kazi yote. Mazoezi nafanya mara tatu kwa siku, mguu nauweka juu ya mito mpaka upite usawa wa moyo, na muda nao umekwenda. Tena joto la Dar lenyewe linavimbisha miguu, siku za jua kali naliona hapa hapa kwenye futi. Ninachoweza kusema ni kwamba nakula nashiba, kizunguzungu kimekwisha, na tangu juzi kamba ya kandambili haichori tena mstari juu ya mguu.

Ijumaa napima tena asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nitapima mbele yenu, namba itakayotoka ndiyo hiyo hiyo nitakayowasomea.