Beberu kwenye chupa

Ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, glasi mlizomiminiwa msiziguse kwanza. Najua, nimewaita kunywa halafu nawakataza kunywa. Bia hiyo imetoka kwenye friji sasa hivi, na ikiwa ya baridi kiasi hicho haina la kukwambia. Iacheni hapo mezani, tutaifikia.

Wakati inangoja, shikeni chupa iliyo karibu nanyi muangalie shingoni. Kuna kambuzi keupe ka plastiki kananing'inia. Bia hii ni Celebrator, inapikwa Aying, kijiji kilicho upande wa kusini-mashariki wa Munich. Na huyo mbuzi ni dume. Kijerumani anaitwa Bock. Kwetu anaitwaje?

Naam, beberu. Babu zetu walitawaliwa na Mjerumani, sisi wajukuu tukaja kumwita beberu kwenye majukwaa, kumbe kwao beberu ni bia, tena bia nzuri.

Mbuzi mwenyewe aliingia humu kwa kosa la ulimi. Huko Ujerumani, katika jimbo la Saksonia ya Chini, kuna mji mdogo unaitwa Einbeck. Hati ya mauzo ya bia yao ya mwaka 1378 ingalipo mpaka leo. Kila raia mwenye haki ya kupika alipika nyumbani kwake, ila sufuria kubwa lilikuwa mali ya mji. Lilihamishwa nyumba hadi nyumba pamoja na fundi aliyeajiriwa na mji. Ukifika Einbeck leo utaziona nyumba za zamani zina malango marefu ya upinde, marefu kupita mahitaji ya mtu yeyote. Yalijengwa hivyo ili sufuria lipite.

Bia hiyo ilisafirishwa mbali, na watawala wa Bavaria kule Munich waliipenda hadi hazina ikalia. Mwaka 1589 Mtawala Wilhelm V akaona basi, akaanzisha kiwanda chake, Hofbräuhaus. Miongo michache baadaye wakamleta fundi kutoka Einbeck kwenyewe, Elias Pichler. Sasa watu wa Munich na lafudhi yao: Einbeck ikawa Ainpock, na Ainpock masikioni ikasikika kama "ein Bock", yaani beberu mmoja. Leta beberu mmoja! Mchoraji wa lebo akamalizia kazi.

Wa pili katika ukoo huu ni Doppelbock, beberu maradufu, na huyo ndiye yumo kwenye glasi zenu. Asili yake ni watawa wa Paulaner, Munich hiyohiyo, wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Paola. Upikaji wao umetajwa kwenye maandishi tangu 1634. Kwaresima walijinyima chakula, lakini kinywaji kizito hakikuhesabiwa chakula, kwa hiyo wakapika mkate wa kunywa. Bia yao ikaja kuitwa Salvator, maana yake Mwokozi. Viwanda vingine vikaidandia sifa hiyo kwa kubuni majina yenye mkia uleule: Optimator, Maximator, Celebrator. Siku ukiona chupa ya lager ya Kijerumani, yaani bia ya kuchachushwa kwenye ubaridi, jina lake limeishia na "-ator", ujue kiti kitakuwa kizito kukiacha.

Kipimo chao ndicho kinachotenganisha. Kabla hamira haijatiwa, yale maji ya kimea, yaani ya nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, yapimwe: bock isipungue asilimia 16 ya uzito kwa vitu vilivyoyeyuka humo, hasa sukari za shayiri, Doppelbock isipungue 18. Bia ya kawaida tunayoijua inazunguka 11 au 12. Mpishi wa Doppelbock basi anatia kimea mara moja na nusu kwa tangi lilelile. Salvator inafikia pombe asilimia 7.9, hii ya mbuzi 6.7. Nusu lita ya Salvator ina pombe kama ya chupa moja na nusu za bia zetu za nusu lita, na gari utaliacha hapa nje.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na nyinyi. Ndiyo, nyinyi, wapenzi wa bia za kraft, zile za viwanda vidogo. Mwezi uliopita nilikaa meza moja na vijana watatu wanaojua bia kweli. Ikaletwa IPA, bia chungu yenye harufu kali, wakainusa nusu saa: embe, pesheni, majani ya mchaichai. Ikaletwa ya ndimu, wakapiga picha. Ikaletwa bock, mmoja akapiga funda moja, akasema, "Lager tu hii. Tamu." Akaisukuma pembeni.

Neno hilo "tamu" limenikaa kooni. Kiswahili chetu kina ukarimu mbaya hapa: wali mtamu, sauti tamu, pipi tamu, vyote neno moja. Utamu wa kimea si wa pipi. Hebu fikirini ukoko wa wali. Wali umeshapakuliwa, sufuria limebaki na lile tabaka la kahawia lililoshika chini, na watoto wanaligombea. Hakuna aliyetia sukari pale. Ni wanga na protini vimekutana na moto, vikabadilika rangi na harufu. Ganda la mkate ni hivyohivyo. Ndicho kinachotokea kwenye kimea cha Munich. Kimea cha pilsner hukaushwa kwa nyuzi 80 na kitu. Cha Munich hupandishwa mpaka 100 na kidogo, kingali na unyevu wa kutosha, na ukoko unaanzia hapo.

Wapishi wa kizamani hawakuridhika na hapo. Wanachota sehemu ya uji wa kimea, pengine theluthi, wanauchemsha peke yake kwenye sufuria la pembeni mpaka unatokota, kisha wanaurudisha kwa wenzake ili joto la wote lipande. Wengine wanarudia mara mbili, hata tatu. Zamani hakukuwa na kipimajoto, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupanda ngazi za joto bila kubahatisha. Leo vipimajoto vipo tele, lakini wapo wanaoendelea kuchemsha, kwa sababu ya ukoko. Nimeshasimama kwenye sufuria hilo na mwiko mrefu kuliko mimi. Harufu yake, kwa aliyekulia Moshi kama mimi, ni ya nyumbani: ni kimea cha ulezi siku bibi anapika mbege. Shayiri na ulezi ni nafaka mbili tofauti, ila pua yangu haikutaka kujua.

Halafu inakuja subira. Lager jina lake linatokana na neno la Kijerumani la kuhifadhi, kuweka ghalani. Hamira yake inafanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi, polepole, na ikimaliza bia inalazwa karibu na kuganda. Bia nzito kama hii italala miezi miwili, mitatu. Kwenye muda huo IPA ya mwenzako imeshatoka, imenyweka, na ya nne iko tangini.

Hapo niliungulia. Niliwahi kuajiriwa kwenye kiwanda kidogo, sitakitaja. Nikamshawishi mwenye mali tupike bock. Wiki ya nne akaja mlangoni: "Hili tangi limelala bure." Nikamweleza. Akaniambia umeme haulali, bili hailali, tangi linalala kwa nini? Tukaitoa. Ilikuwa na harufu ya yai la kuchemsha na mafuta ya siagi kwenye ulimi, vitu ambavyo hamira ingevisafisha yenyewe kama ingeachwa. Mteja wa kwanza akauliza kama bomba limesafishwa. Bia nzima ikauzwa kwa nusu bei, na tangu siku hiyo ukitaja bock pale unaonyeshwa mlango.

Simlaumu sana. Kimea zaidi, umeme zaidi, tangi miezi mitatu, halafu mnywaji anasema "lager tu" na hataki kulipa hata shilingi ya ziada. Wapishi wetu wanapika mnachokipigia picha.

Swali? Ndiyo, dada yangu pale. Kwa nini haina harufu ya maua kama IPA? Kwa sababu hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, humu ni mlinzi, si mwimbaji. Uchungu wake upo wa kuzuia kimea kisizidi, basi. Kama umezoea bia inayokupigia kelele mlangoni, hii utadhani hayupo nyumbani.

Mzee umeuliza kuhusu ile iliyogandishwa. Eisbock. Inagandishwa kidogo, barafu inatolewa, inayobaki ni nzito na kali zaidi. Kulmbach wana hadithi ya mwanafunzi wa kazi aliyesahau mapipa nje kwenye baridi usiku kucha. Kila mji wa bia una kijana aliyesahau kitu. Na Aventinus, bia ya kiwanda cha Schneider, nakutangulia kabla hujauliza, ni ya ngano na hamira yake ni nyingine. Ni binamu, si ndugu wa tumbo moja. Tuiache leo.

Haya, shikeni glasi. Sasa imepita nusu saa na ushei. Baa zetu kila mhudumu anauliza, "Ya baridi au ya moto?" na akijibu mtu "ya moto" vijana wanamcheka mzee wa watu. Kwa bia hii mzee yuko karibu na ukweli kuliko nyinyi. Isiwe ya moto ya kwenye kreti juani, lakini nyuzi 10 hivi, ukiishika mkononi kiganja kisiume.

Piga funda dogo. Usiseme kitu. Sasa la pili, litulie ulimini. Mwanzo kuna ganda la mkate, katikati kuna kitu kama tende au sukari guru, na mwisho, hapa ndipo ninapotaka msikilize, mwisho unakauka. Ingekuwa tamu ya pipi isingekauka, ingebaki imenata.

Nyama choma inakuja, na ndizi. Kila mmoja abakize theluthi ya glasi mpaka sahani zifike, muionje tena ikiwa imepoteza ubaridi wake wote. Kijana wa shati jekundu, glasi yako imeshakwisha. Nilikuona tangu kule Einbeck.